Zamu ya Usiku, Tangi la Saba

Saa nane za usiku Heidrun anaweka sikio kwenye chuma.
Wenzake humcheka: mitambo ipo, inapima kila kitu,
joto, uchachu, oksijeni, kimo cha povu.
Yeye husikiliza tu, kama mkunga
kwenye tumbo la mwanamke anayeapa kuwa uchungu bado.

Humo ndani, lita elfu arubaini,
wanakula. Hawana macho, hawana midomo,
wanakula sukari ya viazisukari vya kando ya mto Mulde
na kutoa asidi
itakayokuwa nailoni, nailoni itakayokuwa soksi,
soksi itakayopotea moja, ndiyo desturi ya soksi.

Mama yake, Traudel, alifanya kazi papa hapa
enzi za klorini.
Alianika shuka nyeupe asubuhi, akaanua za kijivu.
Povu la mto watoto walilikata kwa fimbo
wakaita vipande vyake kondoo.
Samaki? Mto haukuwa na samaki, ulikuwa na rangi:
Jumatatu kahawia, Alhamisi zambarau,
kutegemea kilichopikwa.
"Tuliilazimisha," husema Traudel.
"Kila molekuli tuliivunja mkono."
Kisha kikohozi kinammalizia sentensi.

Heidrun halazimishi. Hulisha, hungoja.
Vimeng'enya ndivyo mafundi, kila fundi na ufunguo mmoja,
kila ufunguo na kufuli lake;
hufungua kifundo hapa, hufunga kingine pale,
bila moto, katika joto la kwapa.
Haba na haba, walisema waliotutangulia.
Hawakujua kuna haba ndogo kiasi hiki.

Halafu usiku mmoja wa Machi povu likaanguka.
Halikupungua, lilianguka,
kama pazia lililokatwa kamba.
Oksijeni ikapanda kwenye kioo,
maana hapakuwa na wa kuivuta.
Kirusi. Kilipenya valvu gani, hadi leo hatujui.
Kumbe hata wadogo wana wadogo wao wa kuwaogopa.
Harufu ya mkate ikakata.
Msimamizi, Wieland, akatukana kwa lahaja ya bibi yake,
wakafungulia mvuke,
wakaua wazima na wafu pamoja, wakamwaga.

Alfajiri Traudel alikuwa macho.
"Nani kafa?" aliuliza, akiusoma uso wa bintiye.
"Wengi. Sufuri zake siwezi kuzihesabu."
Mama akacheka mpaka akashika meza.
"Ya kwetu ikiharibika, madirisha ya mtaa mzima yalipasuka.
Ninyi mnapiga deki!"

Heidrun hakucheka.
Anajua mvuke ule unatokana na gesi.
Anajua shamba la viazisukari lilikuwa malisho,
na soksi, hata iliyozaliwa kwa upole,
hutupwa jalalani ikakaa kuliko aliyeivaa.
Usafi huu nao una daftari la madeni.
Ila deni hili, alimwambia mama, halikohoi.
Bado, alijibu mama.

Jumatano alifungua friza.
Kichupa, kimo cha kidole cha mwisho, kimevaa barafu:
ndugu wa wale waliokufa, waliolala kabla ya msiba.
Kutoka kichupa hadi chupa, chupa hadi ndoo,
ndoo hadi tangi dogo, na dogo hadi la saba,
siku nne za kubembeleza.
Siku ya tano, saa nane za usiku, akaweka sikio.
Alisikia nini? Pampu, labda.
Akaandika kwenye daftari: Wanakula.

Huko nyumbani, jua limetoka,
Traudel amebeba beseni la shuka uani.
Mto nyuma yake una rangi ya mto.
Hata hivyo, kabla ya kuanika,
anapitisha kidole juu ya kamba, toka mwanzo hadi mwisho,
kisha anakitazama.